Timu ya besiboli inapoyumba katikati ya msimu: kutoka dalili hadi chanzo

Tarehe 23 Mei 2019, Washington Nationals, klabu ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani, walikuwa wameshinda mechi 19 na kupoteza 31. Miezi mitano baadaye walinyanyua kombe la ubingwa. Klabu hiyohiyo, mwaka 2005, ilifika nusu ya msimu ikiwa kileleni mwa kundi lake kwa ushindi 50 na vipigo 31, kisha ikamaliza ikiwa na 81 kwa 81, mkiani mwa kundi. Aliyetazama jedwali la msimamo peke yake alikosea mara zote mbili. Msimamo unakuambia mgonjwa ana homa, hausemi homa ya nini.

Mwongozo huu ni wa kutumia kati ya mwisho wa Juni na mwisho wa Julai. Wakati huo timu imecheza mechi 81 au zaidi kati ya 162, na dirisha la kubadilishana wachezaji bado liko wazi. Unahitaji kalamu, karatasi, na takwimu zinazopatikana bure kwenye tovuti za Baseball-Reference, FanGraphs na Baseball Savant. Usianze na kitu kingine kabla ya kipimo cha kwanza.

Kipimo cha kwanza: hesabu ya mikimbio

Mkimbio ni alama inayopatikana mchezaji akizunguka vituo vyote vinne, yaani beizi. Chukua mikimbio yote iliyofungwa na timu, uizidishe kwa yenyewe. Fanya hivyo pia kwa mikimbio iliyoruhusiwa. Gawanya jibu la kwanza kwa jumla ya majibu yote mawili, kisha zidisha kwa idadi ya mechi. Unachopata ni ushindi ambao timu ilistahili kwa mchezo wake.

Nationals wa 2019 walifunga mikimbio 873 msimu mzima na kuruhusu 724. Hesabu inatoa ushindi 96 hivi, nao walishinda 93. Nationals wa 2005 walifunga 639 na kuruhusu 673. Hesabu inatoa 77, nao walishinda 81. Kwa hiyo zile 50 kwa 31 za nusu ya kwanza hazikuwa na msingi wa kuzibeba hadi Septemba.

Kuna njia ya mkato inayofaa kichwani: kila mikimbio 10 ya tofauti ni sawa na ushindi mmoja hivi. Timu yenye upungufu wa mikimbio 30 baada ya mechi 81 inatarajiwa kuwa na ushindi 37 au 38. Ikiwa na 33, kuna kitu kinavuja mahali fulani au bahati imeikimbia. Tofauti ya mechi 2 au 3 iache, ni ya kawaida. Ikifika 5, endelea kupima.

Angalizo moja. Ikiwa kuna mechi ambayo timu ilikuwa imeshashindwa vibaya na meneja akampandisha mchezaji asiye pitcha (mrushaji wa mpira) kwenda kurusha, toa mikimbio ya inningi hiyo (awamu ya mchezo, moja kati ya 9) kwenye hesabu. Haisemi lolote kuhusu timu.

Dalili: timu inaongoza hadi inningi ya 7, halafu inapoteza

Huu ndio ugonjwa unaowaumiza mashabiki kuliko mwingine wowote, na ndio uliowashika Nationals wa 2019. Angalia siku mbili za Mei mwaka huo, kwenye uwanja wa New York Mets. Tarehe 22, Max Scherzer alirusha inningi 6 bila kuruhusu mkimbio, Nationals wakiongoza 1 kwa 0. Inningi ya 8 mapitcha wa akiba, wanaoingia baada ya pitcha wa kuanza kutoka, waliruhusu mikimbio 6: Juan Lagares alipiga mpira ulioingiza watu watatu, kisha Rajai Davis akampiga pitcha Sean Doolittle homurani (pigo linalovuka uzio) ya mikimbio mitatu. Mechi ikaisha 6 kwa 1. Kesho yake Nationals walikuwa wakiongoza 4 kwa 3 kwenye inningi ileile ya 8, na Carlos Gómez akapiga homurani ya mikimbio mitatu. Ikaisha 6 kwa 4.

Mechi mbili, inningi moja, na pitcha wa kuanza bora kuliko wengi duniani amepoteza kazi yake yote. Msimu ulipoisha, ERA ya mapitcha wa akiba wa Washington, yaani wastani wa mikimbio wanayoruhusu kwa kila inningi 9, ilikuwa mbaya kuliko ya timu zote za Ligi ya Taifa, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Bado walikuwa mabingwa. Hilo linaonyesha kwamba ugonjwa huu unatibika, mradi uupime sawasawa.

Hatua ya kwanza: pitia orodha ya mechi zote na uweke alama kila mechi ambayo timu iliongoza baada ya inningi ya 6. Hesabu zilizopotea. Timu nzuri hupoteza chache sana za aina hii. Zikiwa zaidi ya 8 au 9 kufikia nusu ya msimu, una mvujo wa kweli.

Hatua ya pili: tafuta nani alirusha katika kila mechi iliyopotea, na alirusha siku ngapi mfululizo kabla ya hapo. Pitcha wa akiba akirusha siku ya tatu mfululizo, mpira wake hupungua kasi na kuinuka katikati ya eneo la kupigwa. Linganisha kasi ya mpira wake wa haraka wa Aprili na wa sasa. Ikishuka kwa maili moja kwa saa au zaidi, yaani kilomita 1.6, huyo amechoka au ameumia na hajasema. Doolittle alibebeshwa karibu kila mechi ngumu ya nusu ya kwanza, na Agosti goti likampeleka kwenye orodha ya majeruhi.

Hatua ya tatu, ambayo wengi huiruka: angalia wakimbiaji aliowarithi. Pitcha akiingia na kukuta watu wawili kwenye beizi, akawaruhusu wote wafunge, mikimbio hiyo huandikwa kwa aliyetoka. ERA yake inabaki safi huku mechi imepotea. Kwa kawaida mkimbiaji 1 kati ya 3 wa kurithiwa hufunga. Pitcha anayeruhusu nusu yao asipewe kazi ya katikati ya inningi hata ERA yake ikiwa 2.50. Aanze inningi na beizi tupu.

Tofautisha pia kati ya kundi lote kuwa bovu na mtu mmoja kuwa bovu. Trevor Rosenthal alifungua msimu wa 2019 bila kumtoa mpigaji hata mmoja katika mechi zake 4 za kwanza, hivyo ERA yake haikuweza hata kuhesabika. Alipoachwa Juni ilikuwa 22.74. Mtu mmoja wa namna hiyo huchafua wastani wa kundi zima. Toa namba zake, uhesabu upya, uone kilichobaki. Kwa Nationals, kilichobaki kilikuwa bado kibaya, kwa hiyo dawa haikuweza kuwa kumwondoa mtu mmoja tu.

Tangu 2020 jambo hili limekuwa zito zaidi, kwa sababu pitcha akiingia lazima akabiliane na wapigaji watatu au amalize inningi. Meneja hawezi tena kumpandisha mtu kwa mpigaji mmoja wa mkono wa kushoto na kumtoa. Kila kiungo dhaifu kinaonekana kwa muda mrefu zaidi.

Dawa yenyewe mara nyingi ni rahisi. Tarehe 31 Julai 2019 Nationals walimchukua Daniel Hudson kutoka Toronto kwa kutoa pitcha mmoja wa ligi ndogo. Siku hiyo pia walipata Roenis Elías na Hunter Strickland kutoka Seattle. Hudson alimaliza msimu Washington na ERA ya 1.44, na ndiye aliyemtoa mpigaji wa mwisho wa mechi ya 7 ya fainali. Elías aliumia paja akikimbia kwenda beizi ya kwanza karibu tu baada ya kuwasili. Ndiyo maana ukinunua mapitcha wa akiba, nunua watatu kwa bei ndogo kabla ya kununua mmoja kwa bei kubwa.

Dalili: ERA ya mapitcha wa kuanza ni mbaya

Hapa kuna vyanzo vitatu vinavyofanana kwa mbali, na kila kimoja kina dawa yake.

Kwanza pima FIP. Kipimo hiki kinaangalia mambo ambayo pitcha anayatawala mwenyewe, bila walinzi nyuma yake. Zidisha homurani kwa 13. Jumlisha beizi za bure (anazopewa mpigaji kwa mipira minne mibovu) na waliopigwa na mpira, zidisha kwa 3. Zidisha straikauti (wapigaji waliotolewa kwa straiki tatu) kwa 2. Jumlisha mawili ya kwanza, toa la tatu, gawanya kwa inningi, kisha ongeza 3.15 hivi. Pitcha wa mfano mwenye inningi 90, homurani 8, beizi za bure 25, waliopigwa 4 na straikauti 95: 104 jumlisha 87 toa 190 ni 1. Gawanya kwa 90, ongeza 3.15, unapata 3.16. Ikiwa ERA yake ni 4.60, usimuuze. Anarusha vizuri, kuna kitu kingine kinachomwangusha.

Kitu hicho huwa ni ulinzi au bahati. Angalia ni mipira mingapi iliyopigwa ndani ya uwanja inamfikisha mpigaji kwenye beizi. Kiwango cha ligi huwa kati ya .290 na .300, yaani asilimia 29 na 30. Ikiwa mapitcha wote wa timu wako .315 na kupanda, mtazame shotistopu (mlinzi kati ya beizi ya pili na ya tatu) na mlinzi wa uwanja wa kati kabla ya kumlaumu pitcha. Ikiwa ni mmoja tu yuko juu na wenzake wako kawaida, walinzi ni walewale, basi subiri.

Chanzo cha tatu ni mzunguko wa tatu. Wapigaji ni 9, hivyo mpigaji wa 19 anamwona pitcha kwa mara ya tatu siku hiyo, na kila mzunguko wapigaji humsoma vizuri zaidi. Fungua mwenendo wa mechi 5 za mwisho za pitcha husika, hesabu hadi mpigaji wa 18 na upige mstari. Mikimbio ikiwa imejaa chini ya mstari, kosa ni la meneja anayemwacha ndani. Atolewe baada ya wapigaji 18, na ERA itashuka bila kununua mtu. Ila hesabu kwanza kama benchi la akiba linaweza kubeba inningi 4 kila siku ya tano. Likishindwa, umehamisha ugonjwa kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

Dalili: wakimbiaji wanaachwa kwenye beizi

Malalamiko haya husikika kila mahali, na mara nyingi hayana chanzo chochote cha kutibiwa. Timu hupata zamu rasmi 650 hivi za kupiga kwa nusu msimu zikiwa na mkimbiaji kwenye beizi ya pili au ya tatu. Ikiwa wastani wao hapo uko chini ya wastani wao wa kawaida kwa pointi 20 (yaani .020), wamekosa mapigo 13 ya kufika beizi. Ni pigo moja kila baada ya mechi 6. Inauma kuitazama, lakini haitabiri nusu ya pili. Wapigaji walewale wakiendelea kupiga kama wanavyopiga siku zote, pengo hujifunga.

Usiridhike kabla ya kuangalia mambo mawili. Straikauti: ikiwa timu ina straikauti zaidi ya asilimia 25 ya zamu zake, wakati kiwango cha ligi ni kama 22 au 23, basi mkimbiaji wa beizi ya tatu atabaki pale mara nyingi kwa sababu mpira haugusi gongo. Hilo halirekebishwi na bahati. La pili ni mpangilio wa wapigaji. Mtu anayefika beizi mara nyingi akiwekwa nafasi ya 7 huku wa nafasi ya 2 akiwa anafika asilimia 29 tu ya zamu zake, wapigaji wakubwa wanaingia beizi zikiwa tupu. Mpangilio hubadilishwa kwa kalamu, bila gharama.

Na usimhukumu mpigaji mmoja kwa wiki tatu. Kiwango cha straikauti cha mtu huanza kueleweka baada ya zamu 60 hivi. Wastani wa mipira yake inayoangukia mahali pasipo na mlinzi unahitaji zaidi ya msimu mzima.

Dalili: kila wiki kuna majeruhi

Andika majina ya wapigaji 9 na mapitcha 5 wa kuanza waliokusudiwa Machi. Kwa kila mmoja weka idadi ya mechi alizokosa. Hapo ndipo Aprili ya 2019 inaeleweka. Trea Turner alivunjika kidole tarehe 2 Aprili, akipigwa na mpira alipojaribu kuugusa tu kwa gongo, na hakurudi hadi 17 Mei. Anthony Rendon, Juan Soto na Ryan Zimmerman nao walikaa nje kwa vipindi tofauti kabla Mei haijaisha. Rekodi ya 19 kwa 31 ilikuwa ya timu nyingine kabisa. Tangu siku iliyofuata hadi mwisho walishinda 74 na kupoteza 38.

Kwa hiyo pasua rekodi vipande viwili: na wachezaji wakuu, na bila wao. Kama hesabu ya mikimbio ni nzuri walipokuwepo wote, swali linalobaki ni tarehe ya kurudi kwao. Orodha ya majeruhi ya kawaida ni siku 10 kwa wapigaji na 15 kwa mapitcha. Ukiona jina limehamishiwa orodha ya siku 60, usimhesabu kabla ya siku 60 kutimia tangu alipowekwa kwenye orodha mara ya kwanza. Pitcha anayetibiwa kiwiko kwa upasuaji wa kano mtoe kabisa kwenye hesabu za mwaka huu.

Mchezaji mkubwa akipotea kwa msimu mzima, usikimbilie kukata tamaa. Tarehe 10 Julai 2021 Ronald Acuña Jr. wa Atlanta Braves alichanika kano ya goti. Timu ilifika mapumziko ya katikati ikiwa 44 kwa 45. Mwezi huohuo Braves walichukua wachezaji wanne wa uwanja wa nje, Joc Pederson, Adam Duvall, Eddie Rosario na Jorge Soler, na hakuna hata mmoja aliyewagharimu kinda wao wa thamani kubwa. Walimaliza na ushindi 88 na kuwa mabingwa, Soler akiwa mchezaji bora wa fainali.

Dalili: rekodi ni nzuri kuliko mchezo

Hii haimwumizi mtu, ndiyo maana haipimwi. Timu ina ushindi 48, mikimbio iliyofunga na iliyoruhusu inakaribia kulingana, na imeshinda mechi nyingi za tofauti ya mkimbio mmoja. Nationals wa 2005 walikuwa hivyo. Mechi finyu zilizowabeba hadi Julai ziliwageuka baadaye, na timu ilikuwa ileile.

Bahati inaweza kudumu msimu mzima pia. Baltimore Orioles wa 2012 walishinda mechi 29 na kupoteza 9 za mkimbio mmoja, wakafikisha ushindi 93 kwa tofauti ya mikimbio 7 tu. Seattle Mariners wa 2021 walishinda 90 wakiwa wameruhusu mikimbio 51 zaidi ya waliyofunga. Lakini mwenye timu ya namna hii aifanyie kazi kama timu ya ushindi 81: inahitaji wachezaji wapya hata kama jedwali linapendeza. Mechi za inningi za ziada zipe uzito mdogo zaidi, kwa sababu tangu 2020 kila inningi ya ziada ya msimu wa kawaida huanza na mkimbiaji beizi ya pili, na matokeo hayafanani na mchezo wa inningi 9.

Mambo madogo ya kuangalia haraka

Ratiba: hesabu mechi za nyumbani na ugenini zilizobaki, na ngapi ni dhidi ya timu zenye zaidi ya nusu ya ushindi. Wizi wa beizi (mkimbiaji kukimbilia beizi inayofuata kabla mpira haujapigwa): timu ikikamatwa zaidi ya mara 1 kati ya 4, inajidhuru, iache. Mdakaji: beizi zimekuwa pana zaidi tangu 2023 na wizi umeongezeka, hivyo mkono dhaifu nyuma ya mpigaji unagharimu kuliko zamani.

Kwa wanaofuatilia wakiwa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, mechi inayoanza saa 1 jioni Washington ni saa 8 usiku kwetu, kwa hiyo wengi husoma matokeo asubuhi. Usisome jedwali la mwisho tu. Fungua mwenendo wa mechi mpira kwa mpira, kwani mvujo wa inningi ya 8 hauonekani kwenye 6 kwa 1.

Kuamua: kununua, kuuza, au kutulia

Tangu 2022 kila ligi inapeleka timu 6 kwenye mtoano. Arizona Diamondbacks wa 2023 waliingia na ushindi 84 tu na wakafika fainali. Chukua 84 kama sakafu na 88 kama mahali salama. Timu yenye 38 kwa 43 inahitaji 46 kwa 35 ili ifike 84. Linganisha hilo na hesabu ya mikimbio. Kama mikimbio inasema ni timu ya nusu kwa nusu na majeruhi wawili wakubwa wanarudi, nunua mapitcha wa akiba na uendelee. Kama inasema ni timu yenye upungufu wa mikimbio 60 na wote wako wazima, uza wale ambao mikataba yao inaisha mwaka huu, na uuze mapema, kwa kuwa pitcha aliyebakiza miezi miwili ya msimu ana thamani ndogo kuliko aliyebakiza mitatu.

Dirisha likishafungwa, huwezi tena kubadilishana wachezaji wa ligi kuu kama ilivyokuwa Agosti kabla ya 2019. Unachobaki nacho ni walioachwa na timu nyingine na wasio na mkataba, na lazima wawe ndani ya klabu kufikia tarehe 31 Agosti ili waruhusiwe kucheza mtoano. Pitia orodha hiyo kila asubuhi ya Agosti. Asdrúbal Cabrera aliachwa na Texas mwanzoni mwa mwezi huo mwaka 2019, Nationals wakamsajili, na katika mechi 38 akaingiza mikimbio 40.